Una ukaazi wa kudumu nchi nyingine na unataka uraia wa Tanzania? Hesabu siku kabla ya kuchukua fomu

Dar es Salaam ina wageni wengi waliokaa hadi wakaanza kuutaka uraia: mfanyabiashara wa Kariakoo aliyetoka Kongo, mhandisi wa India, mwalimu wa Kenya, mke wa Mtanzania aliyezaliwa Bujumbura. Baadhi yao wana pia ukaazi wa kudumu wa Kanada, Marekani au Uingereza, walioupata kwa kazi, masomo au kupitia ndugu. Wanauliza kama ukaazi huo unawafungia mlango wa tajinisi, yaani uraia ambao mgeni hupewa kwa kuuomba. Sheria haimkatai mtu kwa sababu ana ukaazi wa nchi nyingine. Kinachowaangusha ni siku, kwa sababu kila nchi inataka siku zake na mtu hawezi kuishi pawili kwa wakati mmoja.

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, Sura ya 357, inamtaka mwombaji wa tajinisi awe na umri wa miaka 18 au zaidi na awe ameishi nchini kwa miezi 12 yote inayotangulia tarehe ya kuomba. Tena, ndani ya miaka 10 iliyo kabla ya miezi hiyo 12, awe ameishi nchini kwa vipindi ambavyo jumla yake haipungui miaka 7. Ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na tabia njema na mchango kwa taifa, na awe na nia ya kuendelea kuishi Tanzania. Mwanamke aliyeolewa na Mtanzania ana njia yake mahususi, naye anaweza kuomba wakati wowote mume akiwa hai, ingawa ndoa peke yake haimfanyi raia. Mwanamume aliyeoa Mtanzania hana njia hiyo. Atahesabiwa miaka kama wengine.

Tufanye hesabu kwa tarehe. Mtu anaomba tarehe 1 Julai 2026. Miezi yake 12 ni kuanzia 1 Julai 2025 hadi 30 Juni 2026. Miaka 10 inayotazamwa inaanzia 1 Julai 2015 na kuishia 30 Juni 2025, yaani miezi 120, na kati ya hiyo anatakiwa awe ameishi nchini miezi 84. Inayobaki ni miezi 36, takriban siku 1,095, na humo ndimo zinamoingia safari zake zote za nje: likizo, matibabu, misiba, kazi na kwenda kuilinda kadi ya ukaazi wa nje.

Sasa iweke Kanada kwenye hesabu hiyo. Mkaazi wa kudumu wa Kanada anatakiwa awe amekuwepo huko angalau siku 730 katika kila miaka 5. Kwa miaka 10 zinakuwa siku 1,460, karibu miaka minne. Tanzania inakuruhusu miaka mitatu tu ya kuwa nje. Kwa hiyo aliyetimiza sharti la Kanada kwa miaka yote 10 hawezi kuwa ametimiza la Tanzania, hata kama nyumba yake iko Mikocheni na watoto wanasoma hapa. Zipo nafuu chache, kama vile muda wa kuishi nje ukiwa pamoja na mwenzi wako ambaye ni raia wa Kanada, ambao nchi hiyo huuhesabu kama upo kwao. Aliyepata ukaazi wa Kanada karibuni ana nafasi zaidi, kwani anaweza kukaa nje karibu miaka mitatu ya mwanzo bila kulivunja sharti, na huo ndio wakati wake wa kuamua.

Uingereza inahesabu tofauti. Ukaazi wa kudumu wa kawaida wa huko hufa mwenyewe ukikaa nje miaka 2 mfululizo. Wapo wanaokwenda London wiki mbili kila mwaka na kudhani wameuokoa, ilhali ofisa wa mpakani ana mamlaka ya kuuliza kama unarudi kuishi au unatembelea. Marekani ndiyo kali zaidi kwa wasafiri. Ukikaa nje mwaka mmoja au zaidi bila kibali cha kurejea, kadi ya kijani, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu wa huko, haitoshi kukuingiza. Kibali hicho kwa kawaida hudumu hadi miaka 2, na lazima ukiombe ukiwa ndani ya Marekani. Hakiwezi kuombwa kutoka Dar. Mara nyingi mtu hugundua hilo akiwa tayari Posta anatafuta tiketi.

Siku zenyewe huthibitishwa kwa mihuri ya pasipoti. Tunza pasipoti zote za zamani, hata zilizotobolewa. Tengeneza jedwali la kila kuingia na kutoka: tarehe, mpaka (uwanja wa Julius Nyerere, Namanga, Holili, Tunduma, Rusumo), na ukurasa wenye muhuri. Palipo na muhuri wa kutoka bila wa kurudi, tafuta ushahidi mwingine: tiketi, pasi ya kupandia ndege, barua ya mwajiri, risiti ya hospitali. Marekani huweka mtandaoni historia ya kuingia na kutoka kwa wageni, na Kanada hukupa kumbukumbu zako ukiziomba. Boti ya Zanzibar haikutoi nchini, kwa sababu siku za Unguja na Pemba ni siku za Jamhuri ya Muungano hata kama pasipoti iligongwa muhuri bandarini.

Mihuri haitoshi bila vibali. Vibali vya ukaazi vya Daraja A (wawekezaji na waliojiajiri), B (walioajiriwa) na C (wengineo, kama wanafunzi) hutolewa kwa muda na kuhuishwa, na hapo kati ya kimoja kuisha na kingine kutoka ndipo wengi hujikwaa. Mtu ana miaka 9 mjini, lakini akivipanga vibali vyake mezani anakuta pengo la miezi minne mwaka huu na sita mwaka ule. Hatushauri kujengea hoja muda usio na kibali hai. Pengo likiwepo, lieleze kwa maandishi pamoja na risiti za malipo ya kuhuisha, usisubiri kuulizwa.

Fomu za tajinisi hupatikana Idara ya Uhamiaji. Mwombaji hutangaza kusudio lake gazetini ili mwenye pingamizi aliwasilishe, huhojiwa, na maombi yake hujadiliwa katika ngazi za mtaa na kata, wilaya na mkoa kabla ya kufika kwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi. Ndiyo maana Mtendaji wa Mtaa wako anapaswa kukufahamu mapema. Anayehama Sinza kwenda Mbagala kisha Tegeta bila kujitambulisha popote hujikuta hana wa kumtaja.

Ukaazi wako wa nje utaje bila kuulizwa mara mbili. Ofisa akiuona mwenyewe kwenye pasipoti, swali linahama kutoka kwenye siku kwenda kwenye uaminifu, na uraia uliopatikana kwa udanganyifu au kwa kuficha jambo la msingi unaweza kufutwa. Eleza uliupataje, umekaa huko siku ngapi, na unakusudia nini nao. Sharti la nia ya kuendelea kuishi Tanzania linapimwa hapa. Kama kila mwaka unaiandikia Marekani kwenye fomu za kodi kwamba wewe ni mkaazi wa kule, na huku TRA inakujua kama mkaazi wa hapa, andaa maelezo. Andaa pia cheti cha kutokuwa na rekodi ya jinai kutoka nchi ya ukaazi: FBI kwa Marekani, RCMP kwa Kanada, ACRO kwa Uingereza. Kwa FBI na RCMP utahitaji alama za vidole, kwa hiyo anza miezi kadhaa kabla. Majina yasipolingana, Mohamed huku na Mohammed kule, pata hati ya kiapo kabla ya kuwasilisha. Tunasisitiza maandalizi haya kwa sababu Waziri halazimiki kutoa sababu za kukataa.

Maombi yakikubaliwa, utatakiwa kuukana uraia wa nchi yako ya asili na kula kiapo cha utii. Usiukane kabla ya kupata barua ya kukubaliwa, maana waliofanya hivyo wamejikuta hawana nchi. Na ukaazi wa nje ulitolewa kwa mtu mwenye pasipoti ya zamani. Ukibadili uraia, ijulishe nchi iliyokupa na uhakikishe rekodi zake zinasoma pasipoti mpya, la sivyo utakwama kwenye kaunta ya ndege.

Kwa Mtanzania aliye na ukaazi wa kudumu nje, mambo yanageuka. Ukaazi, hata wa miaka 20, haugusi uraia wake. Ila siku anapochukua uraia wa huko kwa hiari akiwa mtu mzima, uraia wa Tanzania unakoma, na haisaidii kwamba nchi ile inaruhusu uraia wa nchi mbili, kama Kenya chini ya Katiba yake ya 2010 au Ujerumani tangu Juni 2024. Kuendelea kusafiria pasipoti ya Tanzania baada ya hapo ni kosa. Na kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, asiye raia kwa kawaida hagawiwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, kwa hiyo kiwanja cha Kigamboni kifanyiwe uamuzi na mwanasheria kabla ya kiapo cha ng'ambo. Mtoto aliyezaliwa na uraia wa nchi mbili anaruhusiwa kuwa nao hadi miaka 18. Akifika hapo atatakiwa kuukana ule wa nje ili abaki Mtanzania, na mzazi aanze kukusanya cheti cha kuzaliwa na nyaraka za wazazi mtoto akiwa na miaka 17.