Ngamia, ng'ombe na samaki: jinsi ninavyoisoma Marsabit

Kila ofisa mpya wa mifugo anayeletwa Marsabit, kaunti ya kaskazini mwa Kenya, huja na swali lilelile: kabila gani linakaa wapi? Anataka nimchoree ramani ya rangi, Waborana hapa, Wagabra pale, Warendille kule. Mimi humwambia aanze na swali jingine kabisa. Mnyama wao anakaa siku ngapi bila maji?

Ng'ombe hukaa siku mbili, tatu kwa shida, na hapo anakonda ukimwona. Mbuzi na kondoo waliozoeshwa hufika siku nne. Ngamia hupita siku kumi za kiangazi, halafu akifika kisimani anamaliza lita 100 hivi kabla hujamaliza chai yako. Shika hesabu hiyo, na nusu ya kaunti hii itajichora yenyewe kichwani mwako.

Kaunti yenyewe ni kubwa mno. Inakaribia kilomita za mraba 70,000. Rwanda na Burundi zingeingia zote mbili na nafasi ibaki. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 459,785 tu. Kaskazini ni Ethiopia, magharibi Ziwa Turkana. Katikati umesimama Mlima Marsabit, volkano ya zamani yenye urefu wa mita 1,707, na mlima huu ndio unaovuruga picha ya "jangwa la kaskazini" aliyonayo mtu wa Nairobi. Asubuhi mjini ukungu huwa mzito hadi taa za gari hazisaidii. Miti ya msituni imeota ndevu za kijivu, na ukungu huo ukigusa majani huwa matone, matone yakawa maji ya ardhini. Mvua ya mwaka huko juu hukaribia milimita 800. Ukiteremka upande wa Maikona unaacha koti garini, na ukifika Chalbi uko kwenye sakafu ya ziwa lililokauka zamani, chumvi nyeupe mpaka macho yanauma, mvua haifiki milimita 200.

Watu wa nje huiona Chalbi kama mahali pa kufia. Mgabra anaiona kama duka la chumvi. Ngamia anahitaji chumvi nyingi kuliko ng'ombe, na pembezoni mwa jangwa hilo kuna chemchemi za Kalacha, Maikona na North Horr. Hivyo mwenye ngamia ana kila kitu hapo isipokuwa majani, na majani anaweza kuyafuata mbali, hata juu ya vilima vya Hurri, kwa sababu mnyama wake hamkimbizi kurudi majini. Vijana huondoka na ngamia wakavu, wasiokamuliwa, kwenda kambi za mbali ziitwazo fora. Wazee, kina mama na watoto hubaki na ngamia wachache wa maziwa na mbuzi. Mborana wa ng'ombe hawezi kuishi hivyo. Yeye yuko Saku mlimani, Sololo, Moyale, kwenye nyasi na visima vya kudumu. Warendille wa Korr na Kargi ni watu wa ngamia. Kusini yao, kuelekea Laisamis, wamechanganyika na Wasamburu hadi familia nyingine zina ngamia na ng'ombe, na lugha mbili nyumbani.

Hapa ndipo maofisa wangu huchanganyikiwa. Wagabra huzungumza Kiborana, lakini ngamia wao na sherehe zao kama sorio zinawasogeza karibu zaidi na Warendille, ambao lugha yao ni ndugu wa Kisomali. Ongeza Waburji, wakulima waliotoka Ethiopia na ambao leo wameshika maduka mengi mjini. Wakonso, Wasakuye, Wagarri, Wasomali, Waata, Waturkana. Wadaasanach kule Ileret, ukingoni mwa Ziwa Turkana. Mwenye kutaka ramani ya rangi atanunua kalamu nyingi.

Ukitaka kuona utaratibu wa maji kwa macho, nenda visima vya Ulanula, nje kidogo ya mji. Wanaume wanashuka kisimani mmoja juu ya mwingine, kila mmoja amejibana kwenye ukuta, na ndoo inapanda mkono kwa mkono. Wanaimba, kwa maana bila wimbo mikono inapishana na ndoo inaanguka. Ng'ombe wanaujua wimbo wao. Wanasimama mbali, na zamu ikifika wanakuja wenyewe kwenye hori la udongo. Nilipofika mara ya kwanza nilidhani ni vurugu. Mzee mmoja akanivuta kando: "Wewe daktari, usisimame kwenye njia ya mtu aliyengoja tangu juzi." (Huku kila mtu wa idara ya mifugo ni daktari, hata kama shahada yake ni ya nyasi, kama yangu.) Kisima kina mwenyewe, aba konfi, na kuna anayepanga zamu, aba herega. Mgeni hanyimwi maji. Anapangiwa tu, na mahali pake kwenye foleni ndipo siasa ilipo. Magomvi mengi yanayoitwa ya kikabila magazetini nimeyaona yakianzia kwenye foleni hiyo, au mahali ambapo boza, lori la maji, lilishusha mzigo bila kumuuliza mwenye zamu.

Mpaka wa Ethiopia ulikuja juu ya mambo haya yakiwa tayari yapo. Mwingereza, Kapteni Philip Maud, aliupima mwaka 1902 hadi 1903, mkataba ukafuata mwaka 1907, na mstari ukapita katikati ya malisho ya Waborana. Wengi wao wako upande wa pili. Moyale ni mji mmoja wenye serikali mbili: unakunywa kahawa ya Ethiopia, unalipa kwa shilingi, unarudishiwa birr. Kituo cha pamoja cha mpakani kilifunguliwa rasmi Desemba 2020, lakini ng'ombe hawakukingoja.

Kilichobadilisha biashara ni lami. Zamani kutoka Moyale hadi Isiolo, kilomita 500 na ushei, ulipanda juu ya lori, ng'ombe chini yako, polisi mbele na nyuma, siku mbili au tatu ukimeza vumbi la mawe meusi ya jangwa la Dida Galgalu. Watu walikuwa wakisema "naenda Kenya" wakimaanisha kusini, na hawakuwa wakitania. Barabara ilipokamilika katikati ya muongo uliopita, mbuzi aliyenunuliwa mchana soko la Merille akawa anaweza kuchinjwa Nairobi kesho yake. Bei ikapanda kwa aliye karibu na lami. Mtu wa Ileret bado anamtembeza mnyama wake siku nyingi, na anafika na mifupa.

Samaki nilidhani ndiye mnyama asiyehusika na swali langu. Waelmolo wa Loiyangalani wanavua Ziwa Turkana tangu zamani, maji wanayo tele. Lakini karibu asilimia 90 ya maji ya ziwa hilo huletwa na Mto Omo kutoka Ethiopia, na bwawa la Gibe III likishika au likiachia huko juu, mvuvi wa huku hajulishwi. Miaka hii ya karibuni ziwa limepanda na kumeza ufuko alioujua babu yake. Nyuma yake, upepo uleule unaotupa vibanda vyao unazungusha mitambo 365 ya umeme, megawati 310. Nyaya zinaelekea Suswa, kilomita zaidi ya 400 kusini.

Nirudi kwenye kazi yangu. Mwaka 2010 Marsabit ilikuwa mahali pa kwanza Kenya kujaribiwa bima ya mifugo inayotumia setilaiti. Hakuna anayehesabu mizoga: setilaiti inapima ukijani wa malisho ya eneo fulani, ukishuka chini ya kiwango, kila aliyekata bima katika eneo hilo analipwa. Ni kazi nzuri ya kitaalamu, na kwenye ukame wa misimu mitano mfululizo ulioanza mwishoni mwa 2020, waliolipwa walinunua majani na maji mapema. Nilikuwa nikiieleza Kalacha chini ya mti, nimeleta na picha za rangi. Mzee mmoja Mgabra alinisikiliza hadi mwisho.

"Hiyo setilaiti inaangalia hapa?"

"Hapa, ndiyo mzee. Eneo ulilojiandikisha."

"Na ngamia wangu akiwa Hurri, akifia huko, na hapa pamenyesha?"

Nikakubali kwamba hapo hatalipwa. Hakukasirika. Alihesabu kidogo kwa vidole, akaniambia nimwandikie bima ya mbuzi sita, wale wa nyumbani ambao hawaendi popote, na ngamia akawaacha nje ya karatasi.