Nguzo ya zege inapogongwa na lori ubavuni

Nguzo ya ghorofa hujengwa kwa ajili ya mzigo wa kutoka juu. Uzito wa sakafu na kuta hushuka ndani yake hadi msingini, na zege ikibanwa hivyo haina shida. Lori likiigonga ubavuni, mambo hubadilika. Ustahimilivu wa nguzo dhidi ya pigo la namna hiyo ni uwezo wake wa kupokea pigo na bado kuendelea kubeba kilicho juu yake. Inaruhusiwa kupasuka na kubanduka. Kuachia mzigo, hapana.

Wengi hudhani nguzo itapinda. Ingesukumwa taratibu katikati, ni kweli ingepinda, na nondo za wima zingebeba mvuto, yaani nguvu ya kuvutwa, maana zege huhimili mvuto kwa takriban sehemu moja ya kumi tu ya inavyohimili kubanwa. Lakini lori hugonga chini, kati ya nusu mita na mita moja na nusu kutoka ardhini, na pigo lenyewe ni la sehemu ndogo ya sekunde. Nguzo kule juu haijapata hata muda wa kusogea, huku kipande cha chini kimeshasukumwa. Upepo hupinda mgomba, panga huukata. Pigo la lori ni la panga. Ufa hutokea wa mshazari, karibu nyuzi 45.

Hapa ndipo ringi, vile vyuma vyembamba vinavyozungushwa kufunga nondo za wima, zinapofanya kazi, na ndipo wajenzi wetu wanapobana matumizi. Chukua nguzo ya sentimita 30 kwa 30. Ringi zikipangwa kila sentimita 20, ufa huo utakutana na moja, labda mbili. Zikipangwa kila sentimita 10, utakutana na tatu. Kuongeza unene wa nondo za wima hakusaidii sana kama ringi ni chache.

Angalia pia ncha ya ringi. Ikikunjwa nyuzi 90, imelala kwenye zege ya nje, na zege hiyo ndiyo hubanduka kwanza. Ikishabanduka, ringi hufunguka. Ikikunjwa nyuzi 135, ncha ikazama ndani ya nguzo mara 10 ya unene wa chuma, yaani sentimita 8 kwa ringi ya milimita 8, itashika hata ganda la nje likianguka. Mbao zikishafungwa hakuna anayeona tofauti, kwa hiyo ikaguliwe kabla ya kumwaga zege. Na nondo huungwa kwa kupishanishwa palepale juu ya sakafu, usawa wa bampa, hivyo ringi zikaribiane zaidi hapo.

Mzigo wa juu husaidia kidogo kwa kuubana ufa. Ila nguzo ikishahama mstari wake, mzigo uleule huisukuma izidi kuhama.

Mwendo huamua sana ukubwa wa pigo: lori la kilomita 60 kwa saa lina nishati mara nne ya lilelile likiwa kwenye 30. Kanuni za Ulaya humpa mhandisi kilonyutoni 1,000 kwa barabara kuu, sawa na uzito wa tani 100 ukisukuma kwa upande, na 500 kwa barabara za mjini. Marekani, nguzo za madaraja husanifiwa kwa takriban kilonyutoni 2,670.

Kwenye njia ya makontena kutoka Malaba kupitia Jinja hadi Kampala, nguzo ya daraja inahitaji unene wa kweli, na kingo za kulizuia lori kabla halijaifikia. Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla Kampala, ni habari nyingine: nguzo za maduka zimekaa ukingoni mwa njia na malori hurudi nyuma taratibu kushusha mizigo. Hapo bomba nene la chuma lililojazwa zege na kuzikwa vizuri, mbele kidogo ya nguzo, linatosha kwa mapigo mengi.

Nguzo ikishagongwa, usikimbilie kupiga plasta. Kwanza kamata mzigo wa juu kwa miti au vyuma vya kuegemeza, kisha gonga zege iliyolegea itoke na utafute ufa wa mshazari. Ukiuona, au ukikuta ringi imefunguka, watu watoke na mhandisi aitwe siku hiyohiyo.