Chipu iliyoamka kabla ya draiva

Simu ilitoka Kiruhura saa kumi na moja alfajiri. Mlinzi wa tanki la maziwa pale ni mwanajeshi mstaafu, na Kiswahili chake ni cha kambini, hakina mzunguko. "Fundi, stima imekwenda, imerudi. Kisanduku chako kimekufa tena." Nilipotaka kumwelekeza, akanikatiza: "Nimeshachomoa. Nikirudisha upesi, siku nyingine hakiamki. Nikingoja kidogo, kinaamka."

"Asante, afande," nikamwambia, nikarudi kulala. Ilinichukua siku mbili kutambua kwamba alikuwa amenipa jibu.

Kisanduku hicho ni kompyuta ndogo ya Linux inayofuatilia joto la maziwa, yanayotakiwa kukaa karibu na nyuzi 4. Kipimajoto kinapita kwenye chipu ya ADS1115, inayogeuza volti kuwa namba, na draiva yake, yaani programu inayoiunganisha na Linux, niliiandika mwenyewe hapa Kampala. Kosa lilikuwa kwenye draiva hiyo. Chipu haikuwa na hatia yoyote.

Mezani kwangu kosa hilo halikuwahi kutokea, kwa sababu mezani nilikuwa nazima, nazungumza na mtu, kisha nawasha. ADS1115 ikipata umeme upya huanza ikiwa kimya: haipimi mpaka iamriwe, na pini yake ya ALERT/RDY haitoi chochote. Draiva ndiyo huiambia ipime mfululizo mara 128 kwa sekunde na itoe taarifa kila inapomaliza. Kuanzia hapo pini hutoa mpigo mmoja mfupi, wa mikrosekunde 8 hivi, kila baada ya milisekunde 7.8. Kila mpigo ni intarapti, yaani ishara ya kuikatiza kompyuta iushughulikie papo hapo.

Sasa stima ikikatika sekunde mbili na kurudi, kompyuta inakufa na kuanza upya, lakini chipu haifi. Inakula mikroampea 150 tu, kwa hiyo chaji iliyobaki kwenye kapasita inaiweka hai kwa sekunde kadhaa. Linux inaamka na kuikuta chipu iko kazini tangu jana, inabisha hodi bila kupumzika, na ndani hakuna aliye tayari kufungua.

Katika `probe`, sehemu ya draiva ambayo Linux huiendesha inapokikuta kifaa, nilikuwa nimepanga kazi hivi: naomba kumbukumbu, nasajili intarapti kwa `devm_request_irq`, nasoma rejista moja (kihifadhi kidogo ndani ya chipu) kuhakikisha chipu ipo, halafu ndipo naandaa foleni ya kusubiri, ambamo programu hulala mpaka kipimo kifike, kwa `init_waitqueue_head`. Ukiisoma harakaharaka inaonekana sawa. Lakini kusoma rejista ya biti 16 kwenye I2C (njia ya waya mbili ya kuongea na chipu) ya kilohezi 100 ni baiti 5, kila moja ikichukua biti 9 pamoja na ya kukiri, yaani karibu nusu milisekunde. Mpigo ukiangukia ndani ya mwanya huo, kishughulikiaji changu cha intarapti kinaita `wake_up_interruptible` juu ya foleni ambayo bado ni sifuri tupu. Kerneli, kiini cha Linux, inafuata anwani ya sifuri ikiwa ndani ya intarapti, na kwa kuwa pale hakuna mchakato wa kuua ili mengine yaendelee, mashine nzima inasimama.

Hii ndiyo resi: matokeo yanategemea nani katangulia. Nusu milisekunde ndani ya 7.8 ni takriban mara 1 katika 16. Tuliangalie hilo kwa makini, maana ndipo wengi wanapodanganyika. Ukiwasha mara 20 bila tatizo, hujathibitisha kitu. Draiva yenye kosa hili hupita majaribio 20 salama zaidi ya mara 1 katika 4.

Basi nikafunga relei, swichi inayoendeshwa kwa umeme, ya kukata stima kwa sekunde mbili tu, kama alivyokuwa akifanya afande, na kisanduku kikafa. Nikachomeka `dev_info`, amri ya kuchapisha ujumbe, katikati ya `probe` ili nione kinafika wapi. Kwa kawaida kuchapisha ujumbe hulificha kosa la namna hii. Safari hii kulilichochea, kikawa kinakufa zaidi ya nusu ya mara. Ujumbe wa herufi 60 kwenye waya wa siriali wa biti 115200 kwa sekunde huchukua zaidi ya milisekunde 5, nami nilikuwa nimeutia ndani ya mwanya wenyewe. Nikautoa, nikaweka `msleep(100)`, yaani subira ya milisekunde 100, mahali pale pale. Kikafa kila mara. Hiyo ndiyo mbinu ninayoiamini kuliko zote: ukishuku mwanya, upanue mpaka kosa lije kila unapoliita.

Mwenzangu alipendekeza tuchelewe sekunde kumi kabla ya kuanza, kapasita iishe chaji. Nilikataa. Kingefanya kazi, na kingeendelea kufanya kazi mpaka siku mtu abadilishe kapasita, na mtu huyo hangejua kwamba draiva inategemea ukubwa wake.

Marekebisho yenyewe ni mistari iliyohamishwa. Foleni inaandaliwa kwanza. Kisha draiva inaiandikia chipu amri ya kunyamaza, bila kudhani kwamba imeikuta ikiwa mpya. Kisha inahakiki rejista. Intarapti inasajiliwa baada ya hayo, na ndipo chipu inaruhusiwa kuanza kupima. Wakati wa kuiondoa draiva, njia ni ile ile kinyumenyume: nyamazisha chipu, ondoa intarapti, achia kumbukumbu. Vyote vilivyoombwa kwa `devm`, ambavyo Linux huvirudisha yenyewe, hurudishwa kuanzia cha mwisho, kwa hiyo mpangilio mbaya wa kuingia hukufuata mpaka wakati wa kutoka.

Niliiacha relei ikate na kurudisha mara 200 usiku mmoja, `msleep(100)` ikiwa bado imo mara tu baada ya usajili wa intarapti. Asubuhi kisanduku kilikuwa hai. Nikaitoa `msleep`, nikapanda basi la Mbarara nikiwa na draiva mpya mfukoni.