Uzito wa nyundo ya kunakshi ngozi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Anayeanza kutia nakshi kwenye ngozi huhangaikia mihuri kwanza, yaani vile vyuma vyenye umbo la nakshi vinavyogongwa juu ya ngozi. Nyundo huja mwisho, na mara nyingi ni ile iliyokuwa imelala kwenye sanduku la vifaa. Nakshi ikitoka hafifu, ushauri humiminika kutoka kila upande. Mwingi hauna msingi, na mwingine una ukweli nusu tu, ambao ndio unaopoteza watu zaidi.

"Ngozi nene inataka nyundo nzito"

Hii imeota mizizi kuliko zote. Kinachoamua uzito ni ukubwa wa uso wa mhuri, si unene wa ngozi. Piga hesabu: mhuri wenye uso wa milimita 3 kwa 3 unabonyeza eneo la milimita 9 za mraba. Wa milimita 9 kwa 9 unabonyeza 81, yaani mara tisa. Pigo lile lile likitawanyika kwenye eneo kubwa hivyo, alama inabaki juu juu. Ndiyo maana mhuri wa nukta unatosheka na nyundo ya gramu 300, ilhali mhuri mpana wa msuko wa mkeka unadai 700 hivi. Ngozi ya mkanda ya milimita 3.5 na ya pochi ya milimita 2 zinaweza kugongwa kwa nyundo moja, mradi mhuri ni mmoja. Tofauti ni kwamba ile nyembamba haina kina cha kutosha cha kupokea alama, kwa hiyo mkono upungue.

Nadhani mkanganyiko huu unachochewa na vipimo. Nyundo nyingi za kazi hii hufuata vipimo vya Marekani, nazo huandikwa kwa aunsi: 12 ni gramu 340, 16 ni 454, 24 ni 680, 32 ni 907. Ngozi nayo huuzwa huko kwa aunsi, ila hapo aunsi ni unene, kama milimita 0.4 kwa kila moja. Asili yake ni uzito wa kipande cha futi moja ya mraba. Kwa hiyo ngozi ya aunsi 8 ni ngozi ya milimita 3.2, na haikuambii lolote kuhusu nyundo ya kuchukua.

"Alama haitoki? Ongeza uzito"

Kabla ya kutoa hela, angalia ngozi yenyewe. Iliyosindikwa kwa kromu, ile laini ya mikoba na ya viatu vingi, hubonyea na kurudi ilivyokuwa. Igonge hata kwa nyundo ya kilo mbili, kesho hutaona kitu. Nakshi hukaa kwenye ngozi iliyosindikwa kwa tanini ya mimea, mfano ile ya magome ya miwati, miti inayolimwa Njombe kwa ajili hiyo hiyo.

Kisha unyevu. Ngozi hulowanishwa kwa sponji, halafu huachwa mpaka rangi yake ya asili ianze kurudi. Iguse kwa shavu: ikiwa bado ina ubaridi lakini haionekani kulowa, ipo tayari. Hapo mhuri ukishuka huacha alama iliyoiva, yenye kivuli cha kahawia chini yake. Ikiwa imelowa chepe, alama inavimba na kufifia. Ikikauka, utagonga mpaka kiwiko kiume.

Mwisho kuna jiwe la kulazia ngozi wakati wa kugonga. Kipande cha itale au marumaru, kikiwekwa juu kabisa ya mguu wa meza, kinakurudishia pigo lako lote. Katikati ya meza inayoyumba, sehemu ya pigo inamezwa na mbao. Nimeona watu wakibadilisha nyundo mara kadhaa pasipo kuisogeza meza.

"Nyepesi ikipigwa kwa kasi ni sawa na nzito"

Kwenye karatasi hata inazidi. Ukizidisha uzito mara mbili, nishati ya pigo huongezeka mara mbili. Ukizidisha kasi mara mbili, huongezeka mara nne. Shida ni mkono. Nyundo inayorushwa kwa kasi inadunda, mhuri unacheza, na badala ya alama moja unapata mbili zilizopandana. Nyundo nzito kiasi, ikiinuliwa sentimita nne au tano na kuachwa ishuke, inasukuma bila kelele nyingi.

Lakini usivuke upande wa pili. Mafundi wanaofuata mtindo wa Sheridan, mji ulio katika jimbo la Wyoming huko Marekani, wenye maua madogo na vikonyo vinavyojikunja kwa duara, hulaza kingo kwa kuutembeza mhuri kando ya mkato wa kisu huku wakigonga haraka haraka, kila pigo likilalia la kabla yake. Kazi hiyo kwa gramu 900 inaacha ngazi ngazi badala ya mteremko laini. Gramu 340 hadi 450 zinafaa, tena ukishika mpini karibu na kichwa.

"Nyundo ni nyundo, hata ya chuma"

Hapana. Chuma kwa chuma huponda kichwa cha mhuri, na pigo hurukaruka. Tumia kichwa cha nailoni, cha ngozi mbichi iliyokazwa, au cha mti mgumu. Mpingo una uzito wa kuzama majini; mkereza mbao akikutolea kichwa cha upana wa sentimita 6 na urefu wa 9, utapata kama gramu 300 bila mpini.

"Lazima uwe na seti nzima"

Anza na moja ya gramu 450. Ukifika kwenye mihuri mipana na vitoboleo, ongeza ya 700 au 900. Dukani omba kuishika na kuijaribu: chukua kipande cha ngozi chenye unyevu, simamisha mhuri unaoutumia zaidi, na uiache nyundo ishuke yenyewe kutoka urefu wa vidole vitatu. Alama ikitoka kamili bila wewe kusukuma, lipa.