Je, wajua kwa nini nguo za muvi huchakazwa makusudi?

Ushawahi kuangalia muvi ya kibongo, mama anatakiwa awe fukara wa kutupwa, analia hana hata unga wa uji, halafu kanga aliyojifunga bado ina mistari ya kukunjwa dukani? Yaani umasikini umemkuta asubuhi hiyohiyo. Wenzetu wenye bajeti, Hollywood huko na London, wanaajiri kabisa watu ambao kazi yao ni kuchukua nguo mpya na kuizeesha.

Na hawachanichani ovyo. Nguo huisha pale inapokutana na mwili, kwa hiyo koti la mkulima wanalisugua kolani, viwikoni na kwenye midomo ya mifuko, kwa msasa, brashi ya waya au hata ile greta ya kukwangulia karoti. Mifuko ikitakiwa ilegee wanalilowesha koti, wanajaza mawe mifukoni, wanalitundika hadi likauke, ukilivaa utadhani umeshinda nalo shambani miaka kumi. Shati jeupe pe nalo huwa linang'aa sana chini ya mataa, basi linachovywa kwenye chai ya rangi weupe upoe kidogo. Jasho je? Maji matupu yanakauka haraka, so wanachanganya na gliserini, kwapa linabaki limelowa hadi shoti iishe.

Sasa utauliza, si wangenunua tu mtumba? Wananunua sana tu, ila mtumba unaupata mmoja, na muvi inataka nguo ileile nyingi zinazofanana hadi doa. Kwanza muvi haishutiwi kwa mpangilio wa stori, leo mnaweza kushuti mwisho jamaa keshapigwa risasi, kesho mnarudi mwanzo akiwa msafi. Pili kuna dabo wake wa stanti, yule anayemchezea sehemu za hatari, naye avae vilevile. Halafu damu ikimwagika na dairekta akasema hajaridhika, turudie, unahitaji shati lingine safi hapohapo.

Cheki Die Hard ya 1988. Staa wake Bruce Willis anaanza na singlendi nyeupe, anamaliza ikiwa rangi ya oili chafu, na stori yote ni usiku mmoja, lakini kushuti hakukuwa usiku mmoja. Kwa hiyo zilihitajika singlendi za kila hatua, chafu kidogo, chafu zaidi, chafu ya mwisho. Moja yenye damu alikuja kuipeleka kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian kule Marekani mwaka 2007, singlendi jamani, imetunzwa na vitu vya kihistoria! Ndo maana kwenye seti kuna mtu wa mavazi anapiga picha kila mara, kifungo gani kilikuwa wazi, doa lilikuwa upande gani.

Jukwaani mambo ni tofauti. Mtu aliyekaa nyuma kabisa haoni alama za msasa, kwa hiyo uchakavu mwingi unapakwa kwa rangi, na nguo yenyewe inashonwa imara kwelikweli maana Broadway, zile kumbi za maigizo za New York, kwa kawaida ni shoo nane kwa wiki. Zile zenye shanga huwezi kuzifua kila siku, so kwapani wanapuliza vodka, inaua harufu, ikikauka haiachi yake. Wanatumia ya bei chee kabisa, kwani nani anakunywa.