Paundi 4,300 kwa kila kaya: namba iliyovuruga mjadala wa Brexit

Kazi yangu ni takwimu za biashara ya nje, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: Uingereza ilipata hasara kiasi gani kwa kujitoa Umoja wa Ulaya? Anayeuliza hutaka namba moja. Nikimpa, kesho atakutana na mchumi mwingine mwenye namba yake, na ataondoka akiamini kwamba sote ni waongo. Leo nataka kueleza kwa nini namba hizo hazifanani, na kwa nini naamini mjadala uliharibiwa pia na upande uliokuwa na hesabu nzuri zaidi.

Basi jekundu kila mtu analikumbuka. Kabla ya kura ya maoni ya Juni 23, 2016, kampeni ya kujitoa ilizunguka nchi na basi lililoandikwa ubavuni kwamba Uingereza inapeleka Ulaya paundi milioni 350 kila wiki. Namba hiyo ilikaribiana na mchango wa Uingereza kabla ya makato. Lakini tangu Margaret Thatcher, Waziri Mkuu wa wakati huo, alipopigania punguzo mwaka 1984, mchango mzima haukuwa ukilipwa: punguzo lilikatwa kwanza, ndipo fedha zikatumwa. Likishakatwa zinabaki kama milioni 250 kwa wiki. Ukitoa na ruzuku zilizorudi kwa wakulima, mikoa na watafiti, unashuka chini ya milioni 200. Mamlaka ya Takwimu ya Uingereza ilisema wazi kwamba namba ile inapotosha, na basi likaendelea kutembea nayo.

Upotoshaji ule ulikuwa rahisi kuukosoa. Unaoniuma zaidi ni wa upande wa pili, kwa sababu ulitumia taaluma yangu.

Aprili 2016 Waziri wa Fedha George Osborne alitoa ripoti ya wizara yake kuhusu athari za muda mrefu. Ilipima njia tatu za kutoka. Nchi ikibaki ndani ya soko la pamoja la Ulaya, ambako bidhaa hupita bila ushuru wala vikwazo vya kanuni, kama Norway, pato la taifa lingekuwa pungufu kwa asilimia 3.8 baada ya miaka 15. Ikipata mkataba kama wa Canada, asilimia 6.2. Ikiondoka bila mkataba wowote, asilimia 7.5. Kama makadirio, ni kazi ninayoiheshimu. Kisha mtu akachukua ile asilimia 6.2, akaigeuza kuwa paundi, akaigawa kwa idadi ya kaya za Uingereza, na tangazo likatoka: kujitoa kutaigharimu kila kaya paundi 4,300 kwa mwaka.

Pato la taifa si mshahara wa mtu. Ndani yake mna faida za kampuni, kodi na mengi ambayo hayafiki jikoni kwa yeyote kama fedha taslimu. Isitoshe, ripoti ile haikusema kwamba uchumi ungesinyaa kuliko ulivyokuwa 2016. Ilisema ungekua, ila polepole kuliko ambavyo ungekua nchi ikibaki. Mwananchi aliyesikia "utapoteza 4,300", akatazama mfuko wake mwaka 2018 akaukuta uko vilevile, alikuwa na haki ya kujiona amedanganywa. Hasara ya namna hii ni tofauti kati ya nchi iliyopo na nchi ambayo haikuwahi kuwepo. Hakuna risiti yake, na aliyeibeba hajui kwamba ameibeba.

Mambo yakazidi kuharibika Mei, wizara ilipotoa ripoti ya pili, ya muda mfupi: kura ya kujitoa ingeleta mdororo ndani ya mwaka, na watu wapatao 500,000 wangeongezeka kwenye orodha ya wasio na ajira. Haikutokea. Paundi ilianguka usiku uleule, kutoka kama dola 1.50 hadi chini ya dola 1.35, na bei za bidhaa za nje zikapanda, lakini uchumi uliendelea kukua. Kufikia 2018 kiwango cha wasio na ajira kilikuwa cha chini kabisa tangu katikati ya miaka ya 1970. Ripoti ile ilibashiri hofu: watu wangeacha kununua, kampuni zingeacha kuwekeza. Biashara yenyewe ilikuwa haijaguswa, kwani Uingereza ilibaki ndani ya soko la pamoja hadi Desemba 31, 2020. Ubashiri wa hofu ulipokosea, watu wakautupa pamoja na makadirio ya biashara, ambayo muda wake wa kupimwa ulikuwa haujafika hata kidogo.

Makadirio ya biashara yana msingi mzito zaidi. Tangu mchumi wa Uholanzi Jan Tinbergen alipouweka wazi mwaka 1962, tumekuwa tukiupima uhusiano uleule nchi baada ya nchi: mataifa hufanya biashara kwa kadiri ya ukubwa wa uchumi wao na ukaribu wao. Ukiongeza gharama ya mpaka kati yako na jirani mkubwa, biashara inapungua, na soko la mbali halizibi pengo lote. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ulikuwa ukinunua zaidi ya asilimia 40 ya mauzo ya nje ya Uingereza. Wapo wachumi waliopinga, na Patrick Minford ndiye aliyejulikana zaidi. Yeye alitarajia faida ya kama asilimia 4, kwa sharti kwamba Uingereza ifute ushuru wake wote kwa bidhaa za dunia nzima. Serikali haikufanya hivyo, kwa hiyo makadirio yake nayo hayakuwahi kupata mtihani wake.

Hesabu ambayo ningependa ingeandikwa kwenye basi la upande wa kubaki ni hii. Mchango halisi, baada ya punguzo na ruzuku, ulikuwa chini ya paundi bilioni 10 kwa mwaka. Pato la taifa lilikuwa karibu trilioni 2, na serikali hukusanya kama theluthi yake kwa kodi. Pato likipungua kwa asilimia 1 na nusu tu, kodi inayopotea inalingana na mchango wote uliookolewa. Ofisi ya Uwajibikaji wa Bajeti, taasisi huru inayokagua makadirio ya fedha za serikali na si chombo cha kampeni, inakadiria kwamba tija (kinachozalishwa kwa kila saa ya kazi, na pato la taifa hufuata) itakuwa chini kwa asilimia 4 baada ya muda mrefu, na biashara ya nje kwa asilimia 15, ukilinganisha na kubaki. Unaweza kubishana na asilimia 4 ile. Janga la korona na vita vya Ukraine vimefanya upimaji kuwa mgumu, na wanaolinganisha Uingereza na "pacha" aliyeundwa kwa takwimu za nchi nyingine hupata majibu tofauti kulingana na nchi walizochagua. Lakini ili uokoaji wa mchango uzidi hasara, kadirio lile lingepaswa kuwa limekosea kwa zaidi ya nusu.

Na ilikuwa vigumu kuiona hasara hiyo kwa sababu mkataba ulioanza Januari 2021 haukuweka ushuru wa forodha. Wanasiasa walisema biashara ni huru, na kwa upande wa ushuru walisema kweli. Kilichoongezeka ni makaratasi: tamko la forodha kwa kila mzigo, uthibitisho wa uasili wa bidhaa, yaani ilikotengenezwa, cheti cha daktari wa mifugo kwa nyama na jibini. Kampuni kubwa inaajiri mtu wa kuyashughulikia. Kampuni ndogo iliyokuwa ikituma maboksi machache kwa wiki inaacha kutuma, nayo haitangazi kufilisika. Inabaki tu ndogo. Kwa bidhaa zinazoingia, Uingereza yenyewe iliahirisha ukaguzi mara kadhaa, hadi ulipoanza kwa awamu mwaka 2024.

Mei 2025 pande mbili zilikubaliana jijini London kutafuta mkataba wa afya ya mifugo na mimea, ili vyeti vingi vya chakula viondolewe. Masharti yake ni kwamba Uingereza ifuate kanuni za Ulaya katika eneo hilo kadiri zinavyobadilika, na ichangie gharama. Kwa hiyo wanasiasa wamerudi kubishania mchango, na safari hii kuna vyeti vinavyoondolewa vya kuulinganisha navyo.