“Bei ni Maelewano”: Tunayoyaamini Vibaya Tunapoomba Bei Mtandaoni

Chekechea ninayoinunulia vitu kule mtaa wa Umoja, Nairobi, ilihitaji viti 24 vya plastiki vyenye miguu ya chuma. Nikaingia mtandaoni, nikayaandikia maduka mawili swali ambalo wengi wetu Nairobi huanza nalo: “Bei ya mwisho ni ngapi?” La kwanza likasema 1,450 kwa kiti. La pili, 1,700. La pili sikulijibu hata kwa asante, nikajiona mjanja.

Ankara ilipokuja ndipo nikajua 1,450 ilikuwa bei ya kiti kikiwa bado dukani. Viti 24 ni shilingi 34,800. Weka VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16, ambayo ni 5,568, kisha 2,500 za pikapu kutoka mjini, unafika 42,868. Yule wa 1,700 alikuwa ameshajumlisha yote, 40,800 hadi mlangoni. Nilimkimbia aliyekuwa nafuu kwa shilingi 2,068.

Kwa hivyo dhana ya kwanza, na kwangu ndiyo mama yao, ni kwamba kuuliza bei ya mwisho kabla ya neno lingine lolote ni werevu. Ukweli ni kwamba muuzaji asiyejua unataka vingapi, vifike wapi, lini, na utalipaje, hana bei ya mwisho ya kukupa. Atakurushia namba ya kukuzuia usiende kwa jirani, halafu mengine yataongezwa ukishajifunga. Siku hizi naandika hivi: “Habari. Nahitaji viti 24 vya plastiki vya watoto wa miaka minne, miguu ya chuma, vifike Umoja 2 kabla ya Ijumaa. Nitalipa nusu nikiagiza na nusu vikifika. Naomba bei ya kiti, VAT na usafiri kila kimoja kando, na bei hiyo itasimama siku ngapi.” Ujumbe huo huo, neno kwa neno, unaenda kwa watu watatu. Nikipata majibu naweza kuyalinganisha. Ukimuuliza huyu kwa simu na yule kwa kubonyeza “bei?” chini ya picha, utakuwa unalinganisha ndizi na nanasi.

Hiyo VAT nayo ina uongo wake. Umesikia: “Hiyo ni bei bila risiti, ukitaka risiti ni bei nyingine.” Wengi huamini hivyo ndivyo ilivyo kisheria. Sivyo. Anayelazimika kujisajili kwa VAT ni mfanyabiashara ambaye mauzo yake yanayotozwa kodi yanafika shilingi milioni 5 kwa mwaka. Asiyesajiliwa hana ruhusa ya kukutoza hiyo asilimia 16, na aliyesajiliwa hawezi kuigeuza kuwa hiari ya mteja. Kwa anayenunulia nyumbani huenda jambo hili lisimnyime usingizi. Kwa biashara, tangu Januari 2024, matumizi yasiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato, KRA, kwa kawaida hayakubaliwi na KRA unapopiga hesabu ya kodi ya mapato, na kile ulichookoa “bila risiti” unakuja kukilipa mlango wa nyuma. Mwambie muuzaji mapema kwamba utataka ankara ya eTIMS. Wengine hunyamaza hapo hapo, na ukimya wao ni jibu tosha.

Kuna wanaoshikilia kwamba bei ya mtandaoni haishuki, na wengine kwamba kila bei hushuka ukikaza. Inategemea unaongea na nani. Kwenye maduka makubwa ya mtandaoni kama Jumia au Kilimall unaongea na kikapu, na kikapu hakipatani. Utasubiri ofa za Novemba au utafute kuponi. Kwenye tovuti ya matangazo ya Jiji, Instagram na WhatsApp kuna mtu upande wa pili, na maneno “bei ni maelewano” huyaandika mwenyewe. Tena huyo mtu mara nyingi hana hata stoo. Anakwambia “ipo”, halafu anakimbia maduka ya mjini, Luthuli ikiwa ni redio au Kamukunji ikiwa ni sufuria, anaweka chake juu na kumpa mtu wa bodaboda. Mimi simwiti mwizi, maana ananitembelea mji mzima mimi nikiwa nimeketi. Lakini nikitaka vitu 30, namuuliza moja kwa moja kama anavyo au anaviagiza. Anayeviagiza ana nafasi ndogo ya kupunguza, na tarehe yake huteleza.

Na ile ya “bei njoo DM”, yaani uulizie kwa ujumbe wa faragha? Watu husema wanataka kwanza waone picha yako ya wasifu wakupimie bei kwa uso. Hapa siwezi kuapa kwamba ni uzushi, maana nimewahi kutajiwa bei mbili za blenda ile ile, moja kwa namba yangu na nyingine kwa namba ya binti ya dada yangu. Ila wengi huficha kwa sababu jirani wa eksibishoni, yale majengo ya vibanda vidogo vya biashara, naye anachungulia, na bei ikibandikwa leo kesho atakuwa chini yake kwa hamsini. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya taarifa anazohitaji ili afaidike na bidhaa, basi usione haya kuuliza mara tatu.

Kwotesheni, yaani bei ambayo muuzaji amekuandikia, haikulazimishi kununua, hata kama imekuja kwa barua yenye nembo na mhuri. Vilevile haimfungi yeye milele. Vitu vingi tunavyonunua huja kwa dola. Januari 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 160, na kufikia mwisho wa Machi ilikuwa kama 130. Aliyeshika kwotesheni ya Januari akailipia Aprili bila kuomba mpya alijilipisha mwenyewe. Kwa hiyo zile “siku 14” za bei kusimama zilizoandikwa chini kwa herufi za chungu zisome kwanza.

Kuhusu kulipa: kwotesheni ikiwa na jina la duka na pesa zikaombwa kwa namba ya mtu binafsi, simama hapo. Ukilipa kwa Till, namba ya malipo ya biashara, jina la biashara hutokea kwenye ujumbe wa M-Pesa, na likitofautiana na la kwotesheni una swali la kuuliza. Wapo wanaojipa moyo kwamba wakitapeliwa watatuma ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456, namba ya Safaricom, pesa zirudi. Huduma hiyo ni ya aliyekosea namba, haikuwekwa kuamua kesi ya viti ambavyo havikufika.

Imani ya mwisho ni kwamba kupatana ni kukata shilingi. Muhula uliofuata nilihitaji meza sita, nikamrudia yule wa 1,700, kwa aibu kidogo. Nikamwambia bei yako nimeiona, sitaki kuivunja, ila nisaidie mahali. Bei hakuigusa hata kwa shilingi. Akaniambia, “Mwalimu, Jumamosi gari langu linapeleka mzigo Donholm, hapo jirani yenu. Ukingoja hadi siku hiyo sitakutoza usafiri, na ubao ukipinda kabla ya miezi sita nitakubadilishia.” Nikamwomba aandike hayo ya miezi sita kwenye ankara. Akaandika, meza zikafika Jumamosi saa kumi jioni, na moja ilikuwa na skrubu pungufu, ambayo aliileta Jumatatu.